Mahali pa Kukatia Mti

Pipa la tano lilikufa Jumatatu asubuhi, juma lile mvua za masika zilipoifunga barabara ya kwenda relini. Sekela Tweve alijua kabla hajafungua mlango wa chumba cha mapipa, maana harufu ilimpokea koridoni. Chachu iliyo hai hunukia kama togwa lililokaa, harufu ambayo mtu huizoea hata akaisahau. Hii ilikuwa harufu ya panya aliyefia darini.

Fundi wa zamu alikuwa juu ya ngazi, kifuniko mkononi, akichungulia ndani. Povu lililokuwa jeupe Ijumaa lilikuwa limegeuka kijivu na kulala.

“Kuvu,” alisema bila kugeuka. “Nimepiga mvuke tangu alfajiri. Imeshaingia kwenye viungio vya mabomba.”

“Pipa lenyewe linaweza kuokolewa?”

“Hili? Hili ni la kutupa, dada.”

Pipa jingine lingetoka kiwandani, pwani, na lisingeweza kupanda mlima mpaka mvua zikatike na barabara ipitike. Wote wawili walilijua hilo. Sekela alisubiri moyo wake ushtuke. Haukushtuka. Alichohisi ni kile anachohisi mtu aliyemaliza kuosha vyombo, akawa anajifuta mikono, akaletewa sufuria nyingine.

Watu wa pipa la tano walikuwa watu wa Ihanga, kijiji cha mlima wa pili kutoka mjini, pamoja na vitongoji vyake. Watu mia tatu na kitu. Kila Ijumaa walikunywa kikombe kimoja cha chachu, mkubwa kwa mdogo, kama walivyokunywa watu wote wa nyanda za juu. Kikombe hicho ndicho kilichoilaza ganzi. Mtu akikikosa, ganzi iliamka kwenye vidole vya miguu, ikapanda magotini, ikapanda kiunoni, na ikifika kifuani mtu alilala asiamke. Kwa watoto ilipanda upesi zaidi.

“Waliyonayo itawafikisha wapi?” Sekela aliuliza.

“Kuna chupa za Ijumaa hii na ya pili. Baada ya hapo hakuna.”

“Na mbegu?”

“Mbegu ipo kwenye friji, salama kabisa. Pa kuipanda ndipo hapapo.” Fundi alishuka ngazi, akaketi kwenye kidato cha mwisho na kuvua glavu. “Nilitaka nikupigie simu usiku. Nikasema acha alale.”

“Ulifanya vizuri,” alisema Sekela, akaenda ofisini kwake.

*

Ofisi yake ilikuwa na dirisha moja, hita ya umeme iliyofanya kazi ilipotaka, na ukuta mzima uliofunikwa na karatasi. Juu ya karatasi hiyo ulichorwa mti uliogeuzwa kichwa chini, shina juu na majani chini, na kila jani lilikuwa mtu, jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo kama chembe za ulezi.

Mti huo uliundwa na kompyuta, upya kila msimu, kutokana na sampuli za utumbo wa kila mkazi. Kompyuta ilianza kwa kumhesabu kila mtu kuwa kundi la peke yake. Kisha iliwatafuta wawili ambao vijidudu vya matumbo yao vilifanana kuliko vya wengine wote, ikawaunganisha, na kuanzia hapo wawili hao wakawa kitu kimoja. Ikatafuta tena, ikaunganisha tena, mtu kwa mtu, kundi kwa kundi, mpaka nyanda zote za juu zikakutana kwenye shina. Waliofanana sana walikutana chini, karibu na majani. Waliotofautiana walikutana juu. Na waliokwisha kuunganishwa hawakutenganishwa tena, hata kama baadaye ilionekana wangefaa kwingine.

Kilichobaki kilikuwa kupitisha mstari. Mstari ukipita chini, unakata matawi mengi membamba, na kila tawi linahitaji chachu yake. Ukipita juu, unakata matawi machache mazito, na ndani yake watu wasiofanana wanakunywa chachu moja. Kompyuta haikuwa na habari ya pa kukata. Hilo lilikuwa la mkata mti, ambaye ni Sekela, na bila muhuri wake hakuna pipa lililofunguliwa. Sheria ilitungwa hivyo kwa sababu hapo mwanzo wakubwa waliwahi kukata wenyewe, na watu walikuwa hawajasahau nani alikunywa nini.

Miaka yote alikata matawi sita kwa sababu mapipa yalikuwa sita. Sasa yalikuwa matano.

Aliiagiza kompyuta ipime umbali wa makundi kwa wastani, kama alivyofanya siku zote, akaketi kusubiri. Jibu lilipokuja alilisoma mara moja tu. Matawi mawili yaliyokaribiana kuliko yote yalikuwa la kwanza na la tatu. La kwanza lilikuwa la mtaa wa ofisi na hospitali, la tatu la sokoni, ambako yeye mwenyewe aliishi. Tawi la Ihanga lilisimama kando. Lilikutana na tawi la pili, la bondeni, juu sana, juu ya mstari mwekundu wa usalama. Alijua sababu. Watu wa Ihanga walikunywa maji ya chemchemi yao, walikula viazi vya udongo wao, ulanzi waliugema kwenye mianzi ya miteremko yao, na matumboni mwao waliishi vijidudu visivyoonekana kwingine.

Kuunganisha la kwanza na la tatu kungeacha pipa moja wazi kwa mbegu ya Ihanga. Lakini chachu ya mchanganyiko ingeishika ganzi kwa mkono mlegevu. Ganzi isingempanda mtu na kumuua. Ila kwa wale waliokuwa pembeni mwa tawi, mbali na katikati, ingechukua vidole vya mikono na miguu na kukaa hapo hapo, na ganzi ikishachukua hairudishi. Kompyuta iliwakadiria kuwa watu kama mia nne.

Sekela alipitisha kidole kwenye ukingo wa tawi la kwanza, akisoma majina ya pembeni. Alifika kwenye Tweve, Odilo. Ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa hospitali.

Alivua miwani na kuiweka juu ya meza.

*

Daktari Agatoni Chaula, mkurugenzi wa kituo, hakumwita ofisini kwake. Alikuja mwenyewe baada ya chakula cha mchana, na vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Alikuwa mzee mpole aliyevaa sweta lilelile mwaka mzima.

“Nimeuona mti wako,” alisema. “Hebu na wewe uone wangu.”

Alikunjua karatasi. Ulikuwa mti mwingine, uliotoka kwenye sampuli zilezile. Kwenye mti huu tawi la Ihanga liligusana na la bondeni chini kabisa ya mstari mwekundu.

“Umetumia jirani wa karibu,” alisema Sekela.

“Ni kipimo halali. Kimo kwenye mwongozo.”

“Kimo.”

Mtu anapopima umbali kati ya makundi mawili lazima aamue anapima kutoka kwa nani hadi kwa nani. Wastani humlinganisha kila mtu wa huku na kila mtu wa kule. Jirani wa karibu huwatazama wawili tu, wale waliokaribiana kuliko wote, na kuwaacha wengine. Binti wa Ihanga akiolewa bondeni, akala ya bondeni miaka kumi, kisha akahesabiwa kwao Ihanga, yeye na wifi yake wanatosha kuyafanya makundi yaonekane yamegusana. Huyu anafanana na yule, yule anafanana na mwingine, mnyororo unavuka bonde zima, na wa mwanzo na wa mwisho hawana hata kimoja kinachofanana.

“Daktari, wakinywa chachu ya bondeni watakufa wangapi?”

Hakukwepa. “Mmoja katika kila kumi, labda pungufu. Itawachachia tumboni na kuwapa homa. Wengi watapona.”

“Na karatasi itasema ni salama.”

“Karatasi itasema wako chini ya mstari. Ikisema wako juu ya mstari, sheria hainiruhusu kuwapa hata tone. Watakaa bila kikombe mpaka mvua ziishe, na hapo hatutazungumzia mmoja katika kumi. Unajua tutazungumzia nini.”

“Kuna kuunganisha la kwanza na la tatu.”

“Kuna.” Aliweka kikombe chini polepole. “Daktari Ilomo ni wa pipa la kwanza. Nimemtafuta kwenye mti wako, yuko pembeni kabisa. Ndiye mpasuaji pekee tuliye naye mpaka barabara ifunguke. Nimeshauliza kama tunaweza kumpikia chachu yake kwenye ndoo. Fundi anasema isipojaa pipa haipati joto, inakufa. Wewe unaona vidole vya watu mia nne. Mimi naona wajawazito watakaofika pale hospitali mtoto amekaa vibaya, na mwenye kisu hajui kisu kiko wapi mkononi mwake.”

Sekela angependa mzee yule awe mtu mbaya, anayelinda mtaa wa ofisi kwa sababu ni mtaa wake. Labda na hilo lilikuwamo. Lakini hesabu aliyoileta ilikuwa ya kweli, na alikuwa ameibeba tangu asubuhi bila kula, chai tu.

“Unataka muhuri lini?” aliuliza.

“Chachu inachukua muda kuumuka. Keshokutwa, ukichelewa sana.” Alisimama, akajishika kiuno. “Nimechoka kama wewe, Sekela.”

“Najua, Daktari.”

*

Alikuwa akiyajua majina ya watu wa Ihanga kuliko ya majirani zake, lakini hakuwahi kufika. Kesho yake gari la kituo lilimwacha barabara ilipoishia, akapanda kwa miguu katikati ya mashamba ya pareto, mvua ya rasharasha ikimpiga usoni. Aliyemtafuta alikuwa Falesi Mahenge, mkunga wa kijiji, ambaye pia ndiye aliyegawa vikombe siku ya Ijumaa. Alimkuta jikoni, anageuza viazi kwenye majivu.

“Kamwene,” alisalimia Sekela mlangoni.

“Kamwene. Ingia kwenye moto, dada, umelowa.”

Falesi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Alimpa mgeni kigoda, akamsikiliza bila kumkatiza. Sekela alimweleza yote: pipa lililokufa, chupa zilizobaki, chachu ya bondeni na mmoja wake katika kumi, watu mia nne wa mjini na vidole vyao, na yule mpasuaji. Alipomaliza, Falesi alikuwa bado anageuza viazi vilevile.

“Hapa hajawahi kufika mtu wa kituo,” alisema. “Huja chupa. Wewe umefuata nini?”

“Nilitaka mtu mmoja wa huku ajue kabla sijaamua.”

“Ili nikusaidie kuamua, au ili baadaye nisikulaumu?”

Sekela aliutazama moto. “Sijui,” alisema. “Yote mawili, nadhani.”

“Kuamua siwezi.” Falesi alisema hivyo bila ukali. “Nikikuambia leta ya bondeni, akafa mtoto wa nyumba ile pale, mama yake nitaonana naye kila siku kisimani. Nikikuambia chukua vidole vya watu wa mjini, hao siwajui, lakini mikono naijua. Mtoto akija vibaya mimi huona kwa hivi.” Alinyanyua vidole viwili, vyeusi kwa majivu. “Kwa hiyo usinibebeshe. Ila jambo moja ninalo la kukuambia.”

“Niambie.”

“Ukiamua ya bondeni, usituandikie kwamba ni salama. Mimi ndiye nitakayewashikisha watu vile vikombe. Kila nyumba inaniita mama. Nataka niweze kusema, hiki kinaweza kukuua, unakunywa au hunywi? Mtu aseme mwenyewe.”

“Karatasi ikisema kinaweza kuua, sheria hairuhusu mpewe.”

“Basi hiyo sheria yenu imekaa vibaya,” alisema Falesi, akaanza kupangusa viazi majivu.

Alimfungia vinne kwenye jani la mgomba ale njiani. Mlangoni alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akamwambia aangalie kule kwenye kona, kuna utelezi.

*

Karakana ya Odilo ilikuwa chumba kimoja kinachotazama lango la hospitali. Sekela alifika jioni, viatu vimejaa tope, akakaa kwenye benchi la wateja. Mdogo wake alikuwa akimalizia koti la harusi. Alimsalimia bila kusimamisha cherehani.

“Shikamoo, dada. Umetoka shambani?”

“Marahaba. Nimetoka Ihanga.” Alikung’uta tope miguuni. “Odilo, kuna jambo.”

“Nalijua. Mji mzima unajua pipa limekufa. Na watu wana macho, mti wenu mnabandika wenyewe sokoni kila msimu. La kwanza limekaa jirani na la tatu, hata mtoto anaona.” Alisogeza kitambaa. “Mimi niko pembeni, sivyo?”

“Uko pembeni.”

Cherehani ilinyamaza. Odilo alibaki mguu kwenye kanyagio, mikono juu ya koti.

“Usiniulize, dada.”

“Sijakuuliza.”

“Ulikuja kuniuliza. Ukiniuliza nitakataa. Nina watoto watatu na kazi ninayoijua ni hii. Nitakataa, na kila nikimwona mtu wa Ihanga nitakuwa ndiye niliyekataa. Usinifanyie hivyo. Fanya kazi yako, halafu uje uniambie ulivyofanya.”

“Utanichukia?”

“Labda. Sijui mtu anavyokuwa akishapoteza mikono.” Alikanyaga tena, cherehani ikaanza. “Kaa hapo mvua ipungue. Mama Tumaini anakuja na ugali.”

Sekela alikaa. Alimtazama akipapasa upindo wa koti kwa kidole gumba huku macho yake yako mlangoni, akimjibu mtu aliyepita, na kidole kikaona chenyewe mahali ambapo uzi ulikuwa umeruka. Hakuwa amewahi kumwangalia akifanya kazi kwa muda mrefu namna ile. Mkewe alipoleta ugali walikula pamoja, na hawakuzungumzia mapipa tena.

*

Asubuhi iliyofuata aliijaribu kompyuta kwa kipimo cha tatu, kile kinachowatazama wawili waliotofautiana kuliko wote. Mti uliotoka uliyaweka la kwanza na la tatu pamoja, na Ihanga mbali zaidi ya mwanzo. Alikuwa na miti mitatu mezani, yote ya watu walewale. Miwili ilisema kitu kimoja na wa tatu ulisema kile mkurugenzi alichohitaji. Hakujidanganya kwamba miwili dhidi ya mmoja ni ushahidi. Mnyororo nao ulikuwapo kweli. Kweli kulikuwa na mabinti walioolewa bondeni.

Lakini aliujua mnyororo ule ulivyo, na Daktari Chaula aliujua, na watakaopewa kikombe wasingeujua. Alirudi hapo kila alipozunguka. Habari ya wajawazito hakuweza kuipima. Hawakuwa na idadi wala majina, na wengine wao walikuwa hawajashika hata mimba. Alijaribu kuwaweka kwenye mizani na mizani ikawa inayumba, mpaka akaona kuwa hata akikaa wiki nzima itaendelea kuyumba, na mbegu iko kwenye friji.

Alivaa koti akaenda hospitali. Aliporudi alipiga muhuri. La kwanza na la tatu yaliungana. Pipa la kwanza lilienda Ihanga. Chini ya mti, kwa mkono wake, aliandika majina yote ya watu wa pembeni na kitakachowapata, akaenda mwenyewe kubandika sokoni.

Daktari Chaula alimkuta amekaa bila kuwasha taa, mawingu yametanda.

“Nitaandika kwamba sikukubaliana,” alisema.

“Andika, Daktari.”

“Na msimu ujao nitaomba sheria ibadilishwe. Si kazi ya mtu mmoja hii.”

“Hata mimi nitatia sahihi.”

Mzee alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. “Ilomo umemwambia?”

“Nimetoka kwake.”

“Alisemaje?”

“Aliitazama mikono yake. Akaniuliza ana muda gani. Nilipomwambia, akatoka nje akawaita wagonjwa waliokuwa wamepangiwa kupasuliwa mwezi ujao.”

*

Mbegu ya Ihanga ilimwagwa kwenye pipa la kwanza, nayo ikalala bila dalili hadi fundi akaanza kukata tamaa, kisha povu likapanda jeupe. Ihanga walikosa vikombe vya Ijumaa moja. Wazee wachache walipoteza vidole vya miguu. Hakufa mtu.

Mjini ganzi ilikuja taratibu. Sekela mwenyewe, ambaye hakuwa pembeni, alianza kuona ncha za vidole zinazubaa, kama mtu aliyeshika barafu. Watu hawakumtukana. Waliacha tu kumsimamisha njiani. Muuza nyanya aliyezoea kumwongezea alianza kumpimia kama anavyowapimia wageni. Odilo aliendelea kushona mpaka siku alipoona damu kwenye kitambaa cheupe na kutafuta ilikotoka, akakuta sindano imeingia kwenye kidole chake na kukaa. Sasa mkewe alishona, yeye alikata. Mkasi aliweza kuuendesha kwa kuutazama. Sekela akimtembelea, Odilo alimwamkia kama zamani, na ugali uliletwa. Hakumwambia kama anamchukia. Naye Sekela hakumwuliza.

Mwisho wa masika, lori la pipa jipya likiwa linangojwa, mtu mmoja alibisha hodi ofisini. Alikuwa mwanamume mrefu, kofia mkononi, nywele zimenyolewa juzijuzi kwa matanga.

“Wewe ndiye mkata mti?”

“Ni mimi. Karibu.”

“Naitwa Batazari Luvanda, wa sokoni. Mke wangu alikuwa Notburga.”

Sekela alilijua jina. Hospitali ilikuwa imemletea habari. Mtoto alikaa kwa kukingama, Daktari Ilomo alimtoa akiwa hai, na mshipa wa mama ulipokatika hakuusikia kwa vidole mpaka damu ilipokuwa nyingi.

“Pole, kaka,” alisema, na neno likaonekana dogo pale chumbani.

“Sikuja kugombana. Mtoto yuko kwa bibi yake, mzima. Nimesikia hapa kila mtu ana mahali pake. Nataka nione alipokuwa.”

Alimpeleka ukutani. Ilimchukua muda kumpata, ingawa mikono yake ilikuwa imezoea karatasi ile. “Hapa,” alisema. “Mti hauchorwi upya mpaka msimu ujao. Bado yupo.”

Batazari aliinama. “Na huyu aliyeunganishwa naye, huku chini kabisa, ni nani?”

“Ni wewe.”

Batazari alisogeza uso karibu na karatasi.

“Mke na mume wanaokula chungu kimoja hukutana mapema,” Sekela alieleza. “Ninyi mmekutana karibu na majani kabisa. Wachache wako hivyo.”

Batazari aliweka kidole pale ambapo mistari miwili myembamba ilikuwa mmoja. Sekela alitazama dirishani ili asimtazame.

“Wa Ihanga wako wapi?” Batazari aliuliza hatimaye.

Walihamia mwisho mwingine wa ukuta. Sekela alimwonyesha tawi lenyewe, mahali lilipoanzia na lilipoishia.

“Wote hawa wako hai?”

“Wote.”

“Nisomee.”

“Majina?”

“Macho yangu hayawezi herufi hizi. Nisomee majina yao. Nimekaa nyumbani nawaza ni kina nani.”

Sekela alivuta viti viwili. Alipangusa miwani kwa ncha ya kitenge, akiangalia vidole vyake vinavyofanya kazi kwa sababu hakuvisikia, akaivaa, akaanza upande wa kushoto. Mahenge, Falesi. Mahenge, Tumsifu. Mahenge, Anyesi, huyu ni mtoto, ana miaka miwili. Nkwama, Zefania. Batazari alisikiliza ameinamisha kichwa, na kwa kila jina alikitikisa kidogo, kama anayepokea salamu. Mara moja Sekela alisimama akamtazama.

“Niendelee?”

“Endelea.”

Alikuwa hajafika nusu ya tawi sauti ilipoanza kumkauka. Batazari aliinuka, akamimina maji kutoka kwenye jagi lililokuwa mezani, akamletea glasi ameishika kwa mikono miwili. Sekela alikunywa, akamrudishia glasi, akatafuta kwa kidole mahali alipokuwa amefikia, akaendelea kusoma.